Waswahili ni nani? Swali la Carol Eastman, kutoka Longonot

MSOMI akifa nchini mwetu, sentensi za kumwomboleza huwa tayari kabla jeneza halijachongwa. Mbuyu umeanguka. Taa imezimika. Maktaba nzima imeteketea. Kisha tunaelezwa kwamba marehemu alikuwa mnyenyekevu, alipenda wanafunzi wake, alicheka kwa sauti, alikunywa chai bila sukari. Sasa wewe uliza: alisema nini huyu profesa katika miaka yake 30 au 40 ya kufundisha? Alikubaliana na nani? Alimpinga nani? Hapo kimya kinatanda matangani.

Sina ugomvi na tanzia. Waswahili wameomboleza kwa ufundi tangu jadi, na anayelia ana haki ya kulia anavyoweza. Ila mwalimu si mzazi tu wa kusifiwa wema wake. Mwalimu ni mtu aliyetuachia maneno, na maneno hutaka majibu. Kwa hivyo wiki hii, badala ya kuongeza mbuyu mwingine kwenye msitu wa mibuyu iliyoanguka, nataka kumkumbuka profesa mmoja wa anthropolojia kwa njia ninayoiona kuwa ya heshima zaidi. Nitamsoma upya, na pale nisipokubaliana naye nitasema.

Profesa huyo ni Carol Eastman. Alikuwa Mmarekani, mwanaanthropolojia na mwanaisimu kwa pamoja. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1967, akafundisha anthropolojia kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, na akamalizia kazi katika uongozi wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Alifariki katika miaka ya tisini. Hakuna barabara wala ukumbi ninaoujua huku kwetu ulioitwa kwa jina lake, na kizazi cha sasa cha wanafunzi wa Kiswahili hulikuta jina hilo kwenye orodha ya marejeleo na kulipita kama mtu anayepita kibao cha barabarani.

Sikuwahi kuketi darasani kwake. Namwita mwalimu kwa maana ile tunayomwitia mtu aliyetufungua macho hata kama hatujawahi kupeana mkono. Nilimsoma kwanza nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, kwenye nakala iliyopigwa fotokopi mara nyingi hadi herufi zilikuwa zimefifia. Nimemfundisha tangu wakati huo. Na kila nikimfundisha, darasa linagawanyika katikati. Kwangu mimi, hiyo ndiyo alama ya mwalimu wa kupendwa: amelala kaburini miaka yote hiyo na bado anaweza kuwafanya vijana wa miaka 20 wagombane hadi saa ya chakula.

Kisa cha ugomvi ni swali lake. Mwaka 1971, katika jarida la *Africa* linalotolewa Uingereza, Eastman alichapisha makala fupi kwa Kiingereza, ambayo kichwa chake kwa lugha yetu ni: Waswahili ni nani?

Ukilisikia mara ya kwanza, swali hilo ni kama dhihaka. Si Waswahili ndio wenye Kiswahili? Wakikuyu wana Kikuyu, Wamaasai wana Kimaasai, Wajaluo wana Kijaluo. Mantiki ya ngeli inatudanganya hapa: tunadhani kila penye ki- ya lugha lazima pawe na wa- ya watu, wamekaa mahali pamoja wakingoja kuhesabiwa. Lakini jina lenyewe limetokana na neno la Kiarabu *sawahil*, yaani pwani, wingi wa *sahil*. Lilikuwa jina la mahali kwanza, na aliyelitoa alikuwa baharini akitazama nchi kavu. Waliokuwa nchi kavu walikuwa na majina yao tayari. Walikuwa Waamu, Wapate, Wasiu, Wamvita. Mombasa walikuwa na Mataifa Kumi na Mawili, wakajua nani ni wa Thelatha Taifa na nani ni wa Tisa Taifa. Hakuna aliyehitaji kujiita mtu wa pwani akiwa pwani, jinsi samaki asivyojiita mtu wa maji.

Jibu la Eastman, nikilifupisha, ni kwamba neno *Mswahili* halina mpaka mmoja. Maana yake hutegemea nani anasema, anamwambia nani, na wakati gani. Kwa mmoja, Mswahili ni mwenyeji wa miji ya kale ya pwani. Kwa mwingine, ni Mwislamu yeyote anayezungumza Kiswahili. Kwa wa tatu, ni mtu asiye na kwao, mjukuu wa watumwa. Kwa wa nne, ni yeyote aliyekiacha kijiji akaingia mjini. Kila mmoja anatumia neno lile lile akiwa na hakika kwamba analijua.

Ukitaka ushahidi kwamba si porojo za wanazuoni, tazama sensa za Unguja na Pemba za wakati wa ukoloni. Mwaka 1924 waliojiandikisha kuwa Waswahili walizidi elfu 30. Mwaka 1931, miaka saba tu baadaye, walikuwa kama elfu 2. Je, tauni iliwapiga? La. Meli ziliwabeba? La. Watu walikuwa pale pale, katika nyumba zile zile, wakiongea lugha ile ile. Walichobadilisha ni jina. Wakati huo *Mswahili* lilikuwa limeanza kunuka utumwa, na aliyeweza kujiandikisha Mshirazi, au jina jingine lenye heshima kuliko hilo, alifanya hivyo. Karani wa sensa alidhani anahesabu watu kumbe alikuwa anahesabu matumaini yao.

Hapa ndipo ninapotaka tuliondoe swali hilo pwani, tulipandishe hadi huku juu ninakoandikia. Si mimi wa kwanza kulipandisha. Mwaka 1975, katika jarida lile lile la *Africa*, mwanaanthropolojia William Arens alichapisha makala kuhusu Mto wa Mbu, kijiji cha kaskazini mwa Tanzania kilichoko chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Alikuta watu wa makabila mengi waliohamia hapo, na watu hao wakaitwa Waswahili. Wengi wao hawakuwa na babu wa pwani wala hawakuwahi kuionja bahari. Bonde hili la Ufa limekuwa likitengeneza Waswahili wake wenyewe kwa muda mrefu, bila kuomba ruhusa Lamu.

Njoo basi Longonot. Jina lenyewe ni la Kimaasai, *Oloonong'ot*, mlima wenye matuta na mikwaruzo mingi, na ukiutazama kutoka barabara ya Mai Mahiu utaona kwamba aliyeuita hivyo hakukosea. Chini ya mlima huo, kutoka stesheni ya reli hadi Naivasha, kuna Wamaasai wenye mifugo, Wakikuyu wenye mashamba na maduka, na kuna watu wa maua: Waluhya, Wajaluo, Wakisii, Wakamba, Waturkana, waliokuja tangu mashamba ya maua yalipoanza kuenea kando ya ziwa. Ukimuuliza mtu kazi yake atakwambia, "Nafanya kwa maua," na umeelewa.

Watu hao wameoana. Baba Mluhya, mama Mkikuyu, nyumba ya kupanga, jirani Mturkana. Unadhani mtoto wa nyumba hiyo anaota kwa lugha gani? Shosho akija kutoka Kinangop, anamsalimu mjukuu kwa Kikuyu, na mjukuu anajibu kwa Kiswahili. Si utovu wa adabu. Ndiyo lugha aliyo nayo. Akienda kwa kina baba Kakamega mwezi wa Desemba ni vivyo hivyo: binamu wanamcheka, anajibu kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha mahali, chenye "ako wapi" na "kitu ingine", ambacho walimu tunakisahihisha kwa wino mwekundu. Lakini sahihi ama si sahihi, hiyo ni lugha yake ya kwanza. Hana nyingine ya kurudia.

Sasa jibu swali la profesa. Mtoto huyo ni Mswahili?

Hebu muulize mwenyewe, uone atakavyoruka. Atakataa haraka sana, kwa sababu huku bara neno hilo limebeba mzigo mwingine. "Wacha Uswahili" maana yake acha ujanja, acha maneno mengi. "Huyo ni Mswahili sana" maana yake usimpe pesa zako akuwekee. Tunaikumbatia lugha na kuwasukuma wenye jina lake mlangoni. Kila tarehe 7 Julai tunasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani, tunavaa leso, tunakula pilau, tunasoma mashairi. Tarehe 8 Julai mtu anamwambia mwenzake, "Wewe usiniletee Uswahili hapa." Katiba yetu ya mwaka 2010 imeifanya lugha hii kuwa ya taifa na pia rasmi. Lakini katika sensa ya mwaka 2019, kati ya watu milioni 47 na zaidi, waliohesabiwa kuwa Waswahili walikuwa kama elfu 56, Wabajuni wakiwekwa kando na hesabu yao. Lugha ina makumi ya mamilioni, watu wenye jina lake hawajazi mtaa mmoja wa Nairobi.

Eastman alikuwa na nafasi nzuri ya kuliona jambo hilo, kwa sababu hakushughulikia Kiswahili peke yake. Alifanya kazi pia na Wahaida, wenyeji wa pwani ya kaskazini magharibi ya Amerika. Wahaida wanajijua kabisa ni nani. Wana koo zao, nguzo zao za kuchonga, visiwa vyao. Kilichowakaukia ni lugha, imebaki kwa wazee wachache. Kwa Wahaida kuna watu ambao lugha inawaponyoka. Kwa Waswahili kuna lugha ambayo watu wanaiponyoka. Sijui mwanafunzi mwingine wa Kiswahili wa zama zake aliyeishi na mafumbo hayo mawili kwa pamoja, na nadhani ndiyo maana hakuwahi kuridhika na jibu rahisi kwamba lugha ni watu na watu ni lugha.

Nimemsifu vya kutosha. Sasa nimjibu.

Mwaka 1984 Eastman aliandika makala ambayo kichwa chake kinaanza kwa Kiswahili: *Waungwana na wanawake*. Humo, na tena katika makala ya mwaka 1988 kuhusu wanawake, watumwa na wageni, anajenga hoja kwamba utamaduni wa pwani ya kaskazini una pande mbili. Upande wa wanaume waungwana unaegemea Uislamu, Uarabu, maandishi na msikiti. Upande wa wanawake unaegemea Afrika: ngoma, nyimbo, pepo, mambo ya uani, mengi yakiwa yameletwa na watumwa na wageni waliolelewa ndani ya nyumba hizo. Ni hoja yenye nguvu. Iliwalazimisha wanahistoria waliokuwa wakihesabu misikiti na makaburi peke yake waingie jikoni. Bila wanawake, alisema, huwezi kueleza Uafrika wa Mswahili.

Lakini kitazame kichwa hicho kama mtu wa lugha. *Waungwana* na *wanawake* si jozi. Jozi ya wanawake ni wanaume. Jozi ya waungwana ni watumwa. Ukimchukua mmoja huku na mmoja kule ukawaunga kwa *na*, umekwisha kusema, kabla ya ushahidi wowote, kwamba mwanamke hawezi kuwa muungwana. Lugha yenyewe inakataa. Muungwana katika Kiswahili hana jinsia. Tunasema bibi muungwana, mwanamke wa kiungwana, mtoto wa kiungwana.

Na historia inakataa pia. Yupo Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye utendi mnamo mwaka 1858, karibu na mwisho wa maisha yake. Mume wake, Bwana Mataka, alikuwa shehe wa Siu. Mwanamke huyo alitunga kwa bahari ya utendi, ndani ya dini yake, utunzi ulionakiliwa kwa hati ya Kiarabu na kusomwa vizazi kwa vizazi. Utamweka upande upi? Ukimweka kwa wanawake, ukuta wa Eastman unapata ufa, maana maandishi na dini vimeingia uani. Ukimweka kwa waungwana, ukuta unapata ufa mwingine. Na jambo la kushangaza ni kwamba Eastman aliijua Siu vizuri. Mwaka 1966, pamoja na Farouk Topan, alichapisha maelezo kuhusu Wasiu na lugha yao katika jarida la *Swahili* lililokuwa likitoka Dar es Salaam. Mji wa mumewe Mwana Kupona ulikuwa mezani pake tangu mwanzo.

Nadhani kilichomtokea ni kile kinachowatokea wanaanthropolojia wengi wazuri. Waliona upande mmoja umesahauliwa, wakauinua, na katika kuuinua wakauchorea mpaka ulionyooka kuliko maisha. Mwanafunzi wangu akinipa kazi yenye mpaka ulionyooka hivyo, namwambia arudi akatafute anayeuruka.

Hoja ya pili ninayotaka kuijibu ni ya mwaka 1994, kuhusu neno *utumwa*. Hapa Eastman anatuongoza kwenye mzizi, na mwanaisimu yeyote atamfuata kwa furaha. Mtumwa ni anayetumwa. Kitenzi ni *tuma*. Kutoka kitenzi hicho hicho tumepata mtume, aliyetumwa na Mungu, na mtumishi, na utumishi wa umma, na matumizi. Anavyoona yeye, ukitafsiri utumwa wa pwani kwa neno la Kiingereza lililozoea mashamba ya pamba ya Marekani, unapoteza ngazi nyingi zilizokuwapo: mtumwa wa shamba, mtumwa wa nyumbani, suria, aliyezaliwa nyumbani, aliyepewa uhuru. Utumwa wa pwani ulikuwa pia mpango wa utumishi na nafasi katika jamii.

Nakubali nusu. Ngazi zilikuwapo kweli. Lakini mzizi wa neno haulainishi minyororo. Mtume na mtumwa wametoka kitenzi kimoja, ila mmoja alitumwa na mwingine alinunuliwa. Utumwa kama hali ya kisheria ulifutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na nani aliyefurahia kufutwa kwake? Si mwanaisimu. Tukitumia etimolojia kupunguza uchungu wa jambo, tunawafanyia wafu hesabu wasiyoiomba.

Na jambo hili si la makumbusho. Njoo tena kwenye maua. Asubuhi saa kumi na mbili barabara za Naivasha zinajaa watu wanaokwenda *kibarua*. Neno hilo limetoka wapi? Ni barua ndogo. Katika Mombasa na Unguja ya karne ya 19 kulikuwa na watumwa waliokodishwa kwa ujira wa siku, na kijikaratasi cha kazi ndicho kilichowapa jina. Sehemu ya ujira ilibaki kwao, sehemu ilikwenda kwa bwana. Utumwa ukafa, bwana akafa, karatasi ikageuka kadi ya plastiki ya kugusisha getini, na neno likapanda reli hadi Bonde la Ufa. Leo mama wa watoto watatu anayekata waridi la kupelekwa Ulaya anasema "niko kibarua" bila kujua kwamba ametaja jina la mtu aliyekodishwa na mwenyewe. Eastman angelipenda neno hilo. Angelifuata kila kona. Nami ningemwomba, akilifuata, asimsahau mama aliyelibeba.

Kuna jibu jingine kwa Eastman ambalo si langu, na lazima nilitaje. Mwaka ule ule wa 1994, Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff walichapisha kitabu kuhusu Waswahili na utambulisho wao, na hoja yao kubwa ni kwamba hiki kinachoitwa utata wa Uswahili kimetengenezwa kwa sehemu kubwa na macho ya wageni. Wageni walikuja na dhana ya kabila yenye damu moja na mipaka migumu, wakawapima Waswahili kwa rula hiyo, wakawaona wamepinda. Mbona hakuna anayeandika makala ya kuuliza Waingereza ni nani, ilhali nao ni mchanganyiko wa waliotoka kila upande? Anayeulizwa yeye ni nani amekwisha kutiliwa shaka.

Pingamizi hilo ni zito, na darasani kwangu ndilo hupigiwa makofi. Hata hivyo namtetea marehemu kwa jambo moja. Kuuliza "ninyi ni nani?" kunaweza kuwa swali la polisi, na kunaweza kuwa swali la mgeni anayetaka kujua amwite mwenyeji wake kwa jina gani. Tofauti huonekana baada ya swali: aliyeuliza amesikiliza, au amekwisha kuandika? Eastman alisikiliza. Ndiyo maana jibu lake halikuwa jina bali lilikuwa orodha ya majina. Wenye rula hawatoi majibu ya namna hiyo.

Na huku kwetu hatuna anasa ya kulikataa swali, kwa sababu serikali inaliuliza kila siku. Linaulizwa kwenye fomu, na asiyekuwa na jibu linalotambuliwa hapati kitambulisho. Wamakonde waliishi nchini miaka mingi kabla ya kutambuliwa rasmi kuwa kabila la Kenya mwaka 2017. Wapemba walingoja hadi 2023. Kwa watu hao "ninyi ni nani" haikuwa mada ya kongamano. Ilikuwa hospitali, shule, laini ya simu, akaunti ya benki.

Linaulizwa pia kwa namna nyingine, ya kutisha zaidi. Januari 2008 watu waliuawa mjini Naivasha, wengine wakiteketezwa ndani ya nyumba, kwa sababu ya jina la kabila lao. Waliouawa na waliowaua walikuwa wamefanya kazi pamoja, wamenunua sukuma kwa mama mmoja, na lugha waliyosemezana siku zote ilikuwa Kiswahili. Kiswahili hakikuwazuia. Tangu mwaka ule sijaweza kusimama mbele ya wanafunzi nikasema kwa urahisi kwamba Kiswahili kinaunganisha. Kinatusemesha, naam. Kusemezana ni mwanzo wa umoja, lakini si umoja wenyewe. Hilo Eastman alilisema kwa upole wa kitaaluma zaidi ya miaka 50 iliyopita: kugawana lugha hakutoshi kuwafanya watu wajione kuwa wamoja. Sisi tulilazimika kulijifunza kwa moto.

Basi yule mtoto wa Longonot ni nani? Nitatoa maoni yangu, nawe msomaji uyapinge ukitaka. Mimi simwiti Mswahili, kwa sababu jina hilo lina wenyewe. Wapo Lamu, wapo Mombasa, wapo Vanga, na wana dai la karne nyingi ambalo halifai kuyeyushwa ati kwa kuwa sisi wengine tumeipenda lugha yao. Lakini pia simwiti mgeni katika Kiswahili, wala simwiti msemaji wa lugha ya pili. Mtu hawezi kuwa mgeni katika lugha pekee aliyo nayo. Yeye ni mzawa wa Kiswahili. Hana asili ya pwani na hahitaji kuidai. Ana haki ya lugha yake kufundishwa shuleni kama lugha ya kwanza, si kama somo la kigeni lenye vitanzandimi na methali za kukariri. Na ana haki ya Kiswahili chake kuchunguzwa kabla ya kusahihishwa.

Hiyo kazi ya kuchunguza ndiyo Eastman alituachia. Mwaka 1986 aliandika kuhusu nyimbo za watoto wa Kiswahili na jinsi zinavyoonyesha ulimwengu anaouona mtoto. Nani ameziandika nyimbo wanazoimba watoto wa Mai Mahiu, Kongoni au Karagita wanaporuka kamba? Nani amesikiliza wanaitaje jirani, mjomba, mwenye nyumba, msimamizi wa shamba? Vyuo vyetu vina wanafunzi wengi wanaotafuta mada, na wengi wanarudia riwaya zile zile tano. Mada iko nje ya geti.

Jambo la mwisho ni la aibu kwetu sote wenye taaluma hii. Makala ya mwaka 1971 ni fupi, inasomeka kwa jioni moja, na mwanafunzi wa Kiswahili huisoma kwa Kiingereza, akiipata. Swali kuhusu Waswahili limebaki kufungiwa katika lugha nyingine. Nimewaomba wanafunzi wangu wa uzamili mwaka huu waitafsiri pamoja, aya kwa aya, na waandike pembeni mahali ambapo hawakubaliani. Mmoja alinijia akiwa na wasiwasi, akaniuliza, "Prof, si ni vibaya kumpinga mtu alishakufa?" Nikamwambia asome mpaka mwisho, apinge anachoweza kuthibitisha, na aandike jina la Eastman kwa ukamilifu kila anapomtaja.